Jozi Tano za Kupandia Mlima

Mlinijia watatu juzi Jumatatu, baada ya sala ya alasiri, mmezishika raba zenu nyeupe kwa kamba kama watu waliotoka kununua samaki. Mkaniuliza kama raba hizo zitawafaa kupanda Mlima Kenya asubuhi na kushuka jioni, kwa kuwa kazi zenu za ukarani ziko Meru na mlima mnauona kila siku dirishani. Nilizibonyeza kwa kidole gumba, nikasema hazifai. Mmoja wenu akasema, "Mzee wetu, wewe ni mshona makubadhi. Ukisema raba zinafaa, utakula nini?" Lilikuwa jibu zuri, nami nilicheka pamoja nanyi. Lakini hamkungoja nieleze, nami nilikuwa na mgeni ndani. Kwa hiyo naandika, na mwenye macho mazuri awasomee wenzake.

Kazi yangu yote imekuwa miguu ya watu. Nimeshona makubadhi hapa Amu tangu ndevu hazijaota, ila kuna miaka kadhaa, kabla ya vita vya Wadachi, niliyoipitisha bara nikiwa fundi wa viatu wa safari. Mzungu aliyetuchukua tulimwita Bwana Maua, kwa sababu alikuwa akikusanya mimea na kuikausha katikati ya karatasi. Alifika kwetu kutazama mikoko, akawaona watu wa Matondoni wakitembea kwenye tope la kupwa na mizigo kichwani bila kuteleza, akadhani watu wa namna hiyo wataweza kutembea popote duniani. Alikosea, lakini si kwa mbali.

Kwanza baridi, maana nyinyi mnadhani mnaijua kwa kuwa mmelala Meru. Mimi pia nilidhani hivyo. Tulipopita msitu, mahali miti inapokwisha na majani kuanza, nilitoa chupa yangu ya mafuta ya nazi ili nijipake miguu kabla ya kulala, kama tufanyavyo sote. Nikaiinamisha chupa, hakikutoka kitu. Nikaitikisa, kimya. Ndani palikuwa na kitu cheupe kigumu kama shahamu ya kondoo. Mpishi wetu, Famau, mtu wa Pate, aliichukua akaitazama kwenye mwanga, akanirudishia taratibu.

"Mafuta yamekufa," akasema.

"Mafuta hayafi, Famau."

"Basi yaambie yatoke."

Tangu siku ile nilijifunza kulala na chupa kwapani. Nanyi fanyeni hivyo hivyo, kwa mafuta na kwa maji ya kunywa pia. Maji mkiyaacha nje mtayakuta asubuhi yamevaa kifuniko cha kioo.

Famau naye alipata yake. Alibandika kunde adhuhuri, chungu kikachemka kikarusha mapovu, na alasiri kunde bado zilikuwa ngumu kama kokoto za pwani. Akaongeza kuni, akalaumu kuni. Akabadilisha chungu, akalaumu kunde. Mwisho alitia kidole katika maji yanayotokota, akakitoa, akatutazama sote mmoja mmoja. "Mai haya yanachemka," akasema, "lakini hayana moto." Bwana Maua alijaribu kueleza sababu, kwamba kule juu hewa ni nyepesi, na Famau akamsikiliza kwa adabu kama mtu anavyomsikiliza mtoto anayeeleza ndoto. Lakini kuanzia hapo alipika kila kitu huku chini, kabla ya kupita msitu, na huko juu tulipanda na tende, nyama iliyokaushwa, mkate wa mofa na tangawizi. Msibebe kunde wala maharage. Mtakaa mnatazama chungu mpaka jua lizame.

Sasa viatu.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Lali wa Langoni, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye mdomo mkali. Yeye alikupima mguu kwa ukuti mkavu: fundo moja kwa urefu, fundo moja kwa upana, fundo moja kwa mgongo wa mguu. Kuti za wateja wake zilining'inia ukutani, na alimjua kila mtu kwa ukuti wake kuliko kwa uso. Alipima asubuhi tu, mguu ukiwa bado mwembamba, na alitaka kiatu kiushike mguu kama ngozi ya pili. "Kikiacha nafasi ya ukucha," alikuwa akisema, "hicho si kiatu, hicho ni mtumbwi." Bwana harusi wa Amu aliyevaa viatu vya Fundi Lali alitembea polepole kwa sababu hakuweza kutembea vingine, na watu wakasema, mtazameni, anakwenda kwa heshima. Hayo ndiyo niliyojifunza, na nilijifunza vizuri mno.

Kosa langu la kwanza halikuwa hilo, lilikuwa la kuchekesha. Nilitaka ngozi isipitishe umande, nikafikiri: mbao za mtepe na jahazi tunazipaka sifa, mafuta ya papa, na bahari haipiti, basi umande utapita wapi. Nikazipaka ndara za watu wote sifa nzito, nikazipanga nje zikauke. Hewa ile haikuwa na harufu ya kitu kingine chochote. Asubuhi jozi mbili hazikuwapo, tulikuta nyayo za fisi tu. Ndugu wawili wa Matondoni, Bunu na Kassim, walitembea siku mbili wamefunga miguu kwa magunia, na kila walipojikwaa walisema kwa sauti, ili nisikie, "Ahsante, Fundi." Tumieni nta ya nyuki na shahamu. Harufu yake haiendi mbali.

Kosa la pili si la kuchekesha, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Bwana Maua alitaka kupanda kwa siku moja kutoka kambi yetu ya juu hadi kwenye ziwa lililo chini ya majabali makubwa, achukue mimea ya huko na kushuka kabla ya giza. Sisi watano wa pwani tulipaswa kwenda naye: mimi, Famau, Bunu, Kassim, na shemeji yangu Shee, kaka wa mke wangu. Huyu Shee alikuwa mtu wa Shela, mrefu, mzuri wa uso, anayejua kwamba ni mzuri wa uso. Alikuwa ameposa katika familia moja ya Mkomani, na harusi ilikuwa inangoja arudi. Siku tuliyoondoka mke wangu hakuniambia nirudi salama. Aliniambia, "Shee ndiye mwanamume pekee aliyebaki kwetu. Mrudishe alivyo." Kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Kwa ajili ya siku ile ya mlima nilishona jozi tano za viatu vya kufunika. Nilifanya kazi wiki mbili. Ngozi ya ng'ombe chini tabaka tatu, ngozi ya mbuzi juu, na pembeni nikatia nakshi ya uzi mwekundu na kijani, kama makubadhi ya sikukuu. Hakuna aliyeniambia nitie nakshi. Niliwapima wote asubuhi, mguu mtupu, kwa mafundo matatu. Nilipowagawia pale kambini, vilikaa kama vilivyozaliwa na miguu ile. Shee alitembea mbele ya hema, akageuka, akatembea tena.

"Bwana Fundi," akasema, "hivi vya mlima ni hasara. Hivi ni vya kuingilia nyumbani kwa bibi harusi."

"Ukifika hai," Famau akasema.

Kiongozi wetu alikuwa mwindaji mwenyeji aliyeitwa Mugambi. Alikuwa amekaa kando akitutazama. Akaja akaingiza kidole kati ya kiatu changu na mguu wangu, au akajaribu, maana hakikuingia. Akakaa chini akavua chake. Kilikuwa kitu cha ajabu, ngozi yenye manyoya iliyokunjwa tu na kufungwa kwa kamba, kipana kama kikapu, ndani kimejazwa majani makavu. Fundi Lali angekifukia. Mugambi alikung'uta majani, akaunyoosha mguu wake mbele yangu. Vidole viwili vya mwisho havikuwapo. Pale vilipokuwa palikuwa laini, kama kifundo cha mti kilichokatwa zamani.

"Mzungu moja napa mimi kiatu," akasema kwa Kiswahili chake. "Nakaza namna hii. Baridi nakula kidole, mimi hapana sikia."

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Nilikaa na kisu changu mkononi nikavitazama viatu vile. Mguu unahitaji damu, damu inahitaji nafasi, na mimi nilikuwa nimeshona jozi tano zisizo na nafasi ya ukucha. Kila nilichosifiwa hapa mjini kilikuwa kitu cha kuua vidole kule.

Nilikata. Nilivipasua juu, kutoka kwenye vidole hadi kwenye kifundo, katikati ya nakshi, nikashonea ulimi mpana wa ngozi ya mbuzi, nikatia majani makavu chini na pembeni mpaka kidole changu kikaingia na kuzunguka. Vyangu kwanza, kisha vya Famau, kisha vya wale ndugu wawili. Vilikuwa vibaya. Bunu alisema vinafanana na pweza aliyepigwa mwambani. Nilipofika kwa Shee, alivishika kifuani.

"Vyangu hapana, shemeji."

"Vitakuumiza."

"Havijaniumiza. Tazama." Akaruka juu mara mbili. "Miguu yangu naijua mimi. Siku moja tu, tunakwenda na kurudi. Nitakwenda kwa wakwe zangu na viatu vilivyopasuliwa kama samaki wa kukaangwa?"

Nilipaswa kumnyang'anya. Mimi nilikuwa mkubwa, na kazi ilikuwa yangu. Nitawaambia ukweli kwa sababu nyinyi ni vijana na mtakutana na jambo kama hili katika kazi zenu, hata za ukarani. Sikumwachia kwa sababu ya huruma. Nilimwachia kwa sababu jozi ile ilikuwa nzuri kuliko zote nilizopata kushona, na sehemu fulani ya moyo wangu ilifurahi kwamba moja itabaki nzima.

Tuliondoka alfajiri. Maji ya kutawadhia yalikuwa jiwe, tukatayamamu kwa udongo ambao nao ulikuwa na ajabu yake. Ulikuwa umeinuliwa juu ya sindano nyembamba za barafu, maelfu, kila moja imebeba punje ya mchanga kichwani. Tulipokanyaga zikavunjika kwa sauti ya vigae vya kaure. Kassim alidhani ni chumvi, akalamba, akatema. Kila mtu alikuwa amejipaka wanja machoni, mwingi, juu na chini, kwa kuwa nilikuwa nimeona siku zilizopita kwamba jua la huko hukata macho kama kisu. Hilo lifanyeni bila haya. Bwana Maua alitucheka, kisha saa tatu akaomba wanja.

Nendeni polepole. Mtu akikuambia anaweza kukimbia, mwache akimbie, utampita amekaa. Kila mnaposimama, kuleni tende moja hata kama hamna njaa, maana kule njaa haiji na uchovu haubishi hodi. Ikifika adhuhuri, popote mlipo, geukeni. Na wasikilizeni wenzenu. Anayelalamika yu hai. Anayenyamaza, mtazame usoni.

Jua lilipopanda tulikuwa katika bonde ambalo sijui niliite nini. Nimeishi katika mji wa mawe meupe na chokaa, na rangi nilizozijua zilikuwa za nguo na za vyombo. Pale rangi ilikuwa ndiyo nchi yenyewe. Kulikuwa na miti minene isiyo na matawi, imevaa majani yake makavu shingoni kama mashada, na mingine kama minara ya manyoya ya fedha, mirefu kuliko mtu, na ndani ya kila jani maji yaliyoganda, yanang'aa kama sahani za kaure zilizopangwa katika zidaka za ukuta wa ukumbi. Ndege mdogo wa kijani, mwenye mkia mrefu, alikuwa akinywa katika maua ya minara ile kana kwamba hakuna baridi. Juu yake kuta za majabali: nyekundu ya kutu, nyeusi iliyochanganyika na zambarau, na juu ya jiwe jeusi madoa ya manjano kabisa, manjano ya bizari iliyomwagika. Na mbingu juu ya yote ilikuwa nili iliyokolea. Nilisema subhana llah na sauti yangu ikarudi kutoka kwenye ukuta wa jiwe, ndogo, kana kwamba mlima umeipokea na kuirudisha.

Famau alivua kofia. "Bwana Fundi," akaninong'oneza, "hapa pana mwenyewe."

"Kila mahali pana mwenyewe."

"Hapa yu karibu."

Wote tulisema kitu, hata Bwana Maua, kwa lugha yake. Shee hakusema.

Nilimtazama. Tangu alfajiri alikuwa akitutania: mara ndia hii inakwenda peponi au wapi, mara Bunu anapumua kama punda wa kubeba matumbawe. Sikukumbuka ni lini alikuwa ameacha. Alikuwa anatembea wima, kwa heshima, kama bwana harusi. Nikamshika mkono nikamkalisha kwenye jiwe.

"Miguu inauma?"

"Haiumi," akasema. "Ilikuwa inauma. Sasa nzuri."

Nikajua. Bwana Maua alitaka twende, ziwa lilikuwa hapo hapo nyuma ya kilima, na jua halikungoja. Nikamwambia Mugambi awachukue wengine, mimi nabaki na shemeji yangu. Bwana Maua alinitazama, akatazama viatu vya Shee, akanipa blanketi lake na kuondoka. Nililiona ziwa? Sikuliona. Wenzangu waliliona, na Kassim mpaka leo hueleza rangi yake kila mara tofauti.

Nilitoa kisu. Shee aliweka mkono juu ya nakshi, lakini mkono haukuwa na nguvu, na nikauondoa kama unavyoondoa jani. Nilikata kutoka kwenye vidole hadi juu, uzi mwekundu na kijani ukafumuka chini ya kisu. Vidole vilivyotoka havikuwa vya mtu. Vilikuwa vyeupe, vigumu, vya nta. Nilivigonga kwa ukucha, akanitazama kana kwamba nimegonga mlango wa jirani.

Mugambi alikuwa amenionyesha, jana yake, la kufanya. Msisugue, na msiweke karibu na moto, maana mguu usiosikia utaungua bila kujua. Wekeni ngozi kwa ngozi. Nilifungua kanzu na sweta, nikalala chali kwenye majani, nikaiweka miguu ya Shee juu ya tumbo langu tupu, nikafunika blanketi. Nilidhani moyo utasimama. Ilikuwa kama kukumbatia mawe mawili ya kisimani.

Tukakaa hivyo. Juu yangu jua liliufikia ukuta wa jabali, na ukuta ukaanza kuwaka: kwanza nyekundu, kisha manjano ikatoka ndani ya nyeusi, kisha mistari ya kijani ambayo sikuwa nimeiona, kila rangi kwa zamu yake, taratibu, kama mtu anayefungua madirisha ya nyumba kubwa moja baada ya jingine. Maji yaliyoganda juu ya mawe yakaanza kudondoka. Sijapata kuona kitu kama kile tena, wala sitakiona. Nilikiona nikiwa nimelala chali, nikitetemeka, nikimwambia mke wangu moyoni maneno ambayo sikuwa na la kuyaongezea: nilikuwa na kisu, nilijua, nikamwachia.

Sijui muda uliopita. Miguu ile haikubadilika. Nilizungumza naye, nikamuuliza habari za posa, za mama yake, nani atapika pilau. Alijibu neno moja moja, kisha hakujibu. Nikamfinya shavu. Nikasoma aya nilizozijua, na nilipomaliza nikazirudia.

Kisha kitu kikasogea kwenye tumbo langu. Kidole, kimoja, kama samaki mdogo kwenye wavu. Shee akavuta pumzi kwa meno. Damu iliyokuwa imefungiwa ilikuwa inarudi, na damu ikirudi huingia kama miiba.

Alianza na mimi. Alisema mimi ni mshona matandiko ya punda niliyejiita fundi. Alisema Fundi Lali alinifundisha akiwa amefumba jicho moja. Akaenda kwa dada yake aliyekubali kuolewa nami, akaenda kwa Bwana Maua na majani yake, akaulaani mlima, akailaani Meru yote, akanitaka niiache miguu yake, akajaribu kunipiga teke, na teke lilikuwa na nguvu. Machozi yalimshuka na wanja, mistari miwili myeusi mpaka kidevuni. Sauti yake iligonga ukuta mwekundu na kurudi, ikawa kama tunatukanwa na wawili.

Niliikumbatia miguu ile kwa nguvu zangu zote, nami nikilia na kucheka.

"Endelea, shemeji," nikamwambia. "Usinyamaze. Nitukane mpaka Amu."